Redio Mpya Katika Gari la Zamani

Ndugu zetu askari wa jeshi na polisi, mara nyingi tumemshuhudia mwenzetu akinunua gari lake la kwanza baada ya miaka mingi ya kuweka akiba. Aghalabu huwa ni Toyota Corolla au Premio iliyokwisha tumika Japani kabla ya kuvuka bahari hadi Mombasa na kupanda barabara kuu mpaka Kampala. Analifikisha kambini, wenzake wanalizunguka, wanayapiga magurudumu kwa ncha ya buti, wanasifu rangi. Kisha mmoja wao anaingiza mkono dirishani na kuifungua redio. Hapo furaha hupungua. Redio inaongea kidogo upande mmoja wa kipimo, inakwaruza kwingine kote, na maandishi ya kioo chake ni ya Kijapani matupu.

Wengi hudhani kwamba redio hiyo ni mbovu. La, si mbovu. Imetengenezwa kwa ajili ya nchi nyingine. Katika Japani, mawimbi ya FM yalipangwa kuanzia megahezi 76 hadi 90, kwa sababu nafasi ya 90 hadi 108 ilikuwa imekwisha tolewa kwa vituo vya kwanza vya televisheni. Televisheni za mtindo huo wa zamani zilizimwa huko katika mwaka 2011, isipokuwa mikoa michache iliyokumbwa na tetemeko kubwa la ardhi, ambayo ilisubiri hadi 2012. Baadaye, tangu 2014, Wajapani wakaongeza FM yao hadi 95. Kwetu Uganda, kama ilivyo Kenya na Tanzania, FM inakwenda kutoka 88 hadi 108. Kwa hiyo redio ya Kijapani na hewa yetu zinakutana mahali padogo tu, baina ya 88 na 90. Mkazi wa Kampala atasikia CBS katika 88.8 na 89.2, lakini Capital iliyo 91.3 na Simba iliyo 97.3 hatazipata kamwe, hata akizungusha kitufe mpaka kidole kiote sugu.

Tangu redio za watu binafsi zilipoanza kutangaza Uganda katika mwaka 1993, tatizo hili limewapa mafundi wengi riziki yao ya kila siku. Dawa yao ya kwanza ni kisanduku kidogo kinachofungwa kwenye waya wa antena, ambacho huyashusha mawimbi kwa kiasi maalumu ili yaingie katika kipimo cha Kijapani. Kikishusha kwa megahezi 14, Capital ya 91.3 huonekana kwenye kioo kuwa 77.3, na Simba huwa 83.3. Ni dawa ya bei nafuu na kwa mtu asiye na fedha hatuwezi kuibeza. Lakini ina kasoro zake. Stesheni zilizo juu ya 104 hubaki nje. Pia stesheni yenye nguvu nyingi hupenya kisanduku bila kushushwa, ikakutana na nyingine iliyoshushwa mahali pale pale: ile ya 88.8 inagombana na yoyote iliyo 102.8, na msikilizaji anapata habari mbili kwa sauti moja. Waama, hesabu ya kutoa 14 kila unapotafuta stesheni haimfai dereva aliye barabarani.

Dawa ya pili, ambayo ndiyo tunayotaka kuizungumza kwa urefu, ni kuiondoa redio ya kiwandani na kuweka nyingine mpya.

Jambo hili lina asili ndefu kuliko wengi wanavyofikiri. Redio za kwanza za gari hazikutoka katika viwanda vya magari hata kidogo. Katika mwaka 1930, ndugu wawili wa Marekani, Paul na Joseph Galvin, walianza kuuza redio ya kufungwa ndani ya gari lolote, wakaiita Motorola. Miaka miwili baadaye kampuni ya Kijerumani ya Blaupunkt ikatoa ya kwake kwa watu wa Ulaya. Mwenye gari alinunua redio mahali pengine akampelekea fundi aifunge. Kwa hiyo anayebadilisha redio leo anafanya lile lile lililofanywa na babu zake wa udereva.

Kinachorahisisha kazi ni kipimo cha tundu. Wajerumani walikitunga kipimo ambacho mafundi wote hukiita DIN, na katika mwaka 1984 kikakubaliwa kimataifa: upana milimita 180, kimo milimita 50. Redio kubwa yenye kioo huwa ya DIN mbili, yaani kimo milimita 100. Toyota nao wana desturi yao. Katika magari yao mengi tundu ni la upana wa milimita 200. Redio ya 180 ikiwekwa humo hubaki na mwanya kila upande, na mwanya huo huzibwa kwa vipande vya plastiki ambavyo mnunuzi sharti aviulizie dukani kabla hajalipa. Tumeona magari mazuri yenye redio mpya iliyozungukwa na karatasi ngumu iliyopakwa rangi nyeusi. Si sura ya kupendeza.

Katika kuchagua, askari asidanganywe na maandishi ya boksi. Utasoma wati 50 mara 4, yaani wati 200. Tuifanye hesabu pamoja. Injini ikiwaka, umeme wa gari ni volti 14.4 hivi, na spika ya kawaida ina ukinzani wa omu 4. Redio isiyo na kikuza sauti cha pembeni haiwezi kuipa spika zaidi ya volti hizo. Ukizidisha 14.4 kwa 14.4, kisha ukagawanya kwa 4, utapata karibu 52. Hapo ndipo 50 yao inapotoka. Lakini hiyo ni sauti iliyokatwa kichwa na miguu, yaani makelele. Kwa sauti safi, hesabu hugawanywa tena kwa mbili, ikawa 26, na baada ya hasara za ndani hupungua hata hapo. Ushahidi mwingine upo nyuma ya redio yenyewe: geuza utazame fyuzi. Ikiwa ni ya ampea 10, basi umeme wote unaoweza kupita kwa muda mrefu ni wati 144, nazo sehemu yake hugeuka joto. Zile 200 zitatoka wapi? Mwuzaji akiulizwa swali hili huanza kuonyesha rangi za taa.

Tazameni badala yake mambo mawili. La kwanza ni kama redio inaweza kupangwa kwa nchi zetu. Redio iliyopangwa kwa Marekani huruka hatua ya 0.2 na kusimama kwenye namba za witiri tu, 88.7 kisha 88.9, hiyo 88.8 itapitwa katikati, na mwenye gari atarudi kulalamika kwamba ameuziwa redio mbovu. Hata mawimbi ya kati yana tofauti: Marekani huruka kilohezi 10, sisi 9. Redio nyingi zina mahali pa kubadilisha mpango huo, na mwuzaji aonyeshe papo hapo dukani. La pili ni kitufe cha sauti. Sisi hupendelea kile cha kuzungusha kwa vidole. Kioo cha kugusa ni kizuri gari likisimama, lakini katika barabara yenye mashimo kidole hutua kila mahali isipokuwa pale kilipotumwa.

Sasa tuseme habari yetu wenyewe, kwa kuwa ndiyo iliyotufanya tuandike haya.

Miaka kadhaa iliyopita tulipeleka Corolla yetu kwa fundi mmoja ili afunge redio mpya. Kazi ilichukua muda usiofika nusu saa, tukasifu wepesi wake, tukalipa. Redio iliimba vizuri. Jambo moja tu lilitushangaza: tukichomoa ufunguo, kioo kiliendelea kuwaka. Fundi alisema kwamba redio za kisasa ndivyo zilivyo. Wiki hiyo tukatumwa Gulu kikazi, tukaliacha gari nyumbani. Tulipolitoka tulikuwa tumepunguza sauti hadi sifuri, tukadhani tumeizima redio. Tulirudi usiku wa tatu. Kabla ya alfajiri jirani akagonga mlango akiwa amembeba mwanawe mwenye degedege la homa. Tulikimbilia gari, tukazungusha ufunguo, na hatukusikia hata kishindo. Betri ilikuwa imekufa kabisa. Tulisukuma mpaka njia kuu bila mafanikio, na mwishowe mtoto akapelekwa hospitali kwa pikipiki, mama akiwa nyuma amemkumbatia. Mtoto alipona. Baba yake hakutulaumu kwa neno lolote, na kunyamaza kwake kulituuma kuliko lawama.

Tulipopima kwa mita siku iliyofuata, tuliikuta redio ikila robo tatu ya ampea mchana na usiku. Betri yetu ilikuwa ya ampea-saa 35. Ukigawanya, utaona kwamba haikuweza kuzimaliza hata siku mbili. Chanzo kilikuwa waya mbili tu.

Redio mpya huja na fungu la waya, na rangi zake karibu zimekubaliwa na watengenezaji wote. Wa njano ni wa umeme usiokatika. Kazi yake ni kuipa redio nguvu na kuhifadhi kumbukumbu ya saa na stesheni. Mwekundu ni wa umeme wa ufunguo. Ndio unaoiambia redio iamke na ilale. Mweusi ni wa ardhi, yaani bodi ya gari. Wa buluu huamsha antena inayojipandisha, na wa buluu wenye mstari mweupe huamsha kikuza sauti. Wa rangi ya machungwa hupunguza mwanga wa kioo taa za gari zinapowashwa. Fundi wetu hakuuona upesi waya wa ufunguo, basi akaufunga mwekundu pamoja na wa njano. Redio ikawa askari asiyepewa zamu ya kulala. Wengine hukosea kinyume chake, wakaufunga wa njano mahali pa mwekundu. Hapo betri husalimika, ila kila ukizima gari redio husahau stesheni zote, na saa hurudi mwanzo.

Kwa hiyo fundi asiseme tu. Aonyeshe kwa taa ya kupimia: waya huu unawaka hata ufunguo ukiwa mfukoni, na huu unawaka ufunguo ukizungushwa hatua ya kwanza. Ni kazi ya dakika tano. Kwa askari anayekwenda operesheni miezi mitatu, gari likabaki chini ya mti kambini, dakika hizo ni muhimu kuliko uzuri wa kioo. Naye, hata kama waya zimefungwa sawasawa, afungue ncha ya betri kabla ya kuondoka. Aangalie kwanza, hata hivyo, kwamba redio yake si zile za Kijapani zenye ramani, kwa maana baadhi yake hujifunga umeme ukikatika, na hazifunguki bila kadi yake ya ramani ya asili, ambayo aghalabu ilibaki Japani.

Spika nazo zina rangi zao. Nyeupe ni ya mbele kushoto, kijivu mbele kulia, kijani nyuma kushoto, zambarau nyuma kulia. Kila rangi ina waya mbili, na ule wenye mstari mweusi ndio wa hasi. Hapa pana kosa linaloua redio nyingi kuliko lingine lolote. Fundi wa zamani, aliyezoea taa na honi, hudhani kwamba kila waya wa hasi unaweza kufungwa kwenye bodi. Katika redio za siku hizi si hivyo. Waya zote mbili za spika hubeba karibu nusu ya umeme wa betri, nazo husukumana kama watu wawili wanaopiga msumeno. Ukiugusisha mmoja kwenye chuma, kipande cha ndani kinachokuza sauti huungua mara moja, na harufu yake utaitambua. Katika magari ya zamani sana, ambayo spika zake zilitumia ardhi moja, hakuna njia ila kutandika waya mpya hadi kwenye spika.

Wakati mwingine sauti hutoka lakini ni nyembamba, ngoma hazisikiki. Hiyo ni dalili kwamba spika moja imefungwa kinyume, ikivuta wakati mwenzake inasukuma. Ili kuitambua, chukua betri ndogo ya tochi ya volti 1.5, zichomoe kwanza waya za spika kutoka kwenye redio, kisha uziguse ncha zake kwa nukta tu. Karatasi ya spika ikiruka nje, chanya imekutana na chanya. Ikijivuta ndani, geuza.

Mintarafu ya kuunganisha, tunasema wazi kwamba tunachukia kukata plagi ya kiwandani. Katika eneo la Kisekka, na katika maduka ya vifaa vya magari ya miji mingine, huuzwa plagi za kati: upande mmoja huingia katika plagi ya Toyota, upande wa pili hupokea waya za redio mpya. Gharama yake ni ndogo, na siku ya kuliuza gari redio ya zamani hurudi mahali pake bila jeraha. Viungo vilehemiwe kwa risasi, kisha vivalishwe mpira unaosinyaa kwa moto. Kusokota waya kwa vidole na kuzungushia utepe mweusi kunatosha kwa wiki chache. Baadaye jua la dashibodi huyeyusha gundi, utepe hufunguka, na shaba iliyo wazi huanza kutafuta chuma cha kugusa. Moto mwingi wa chini ya dashibodi huanzia hapo, hasa ikiwa fundi ameondoa fyuzi na kuweka waya mnene ili isikatike tena.

Kabla ya kugusa chochote, ncha hasi ya betri ifunguliwe. Magari yenye mifuko ya hewa ya usalama yasubiri angalau sekunde 90 baada ya hapo, kama Toyota wanavyoagiza, na plagi za rangi ya manjano zilizo karibu na usukani zisiguswe kabisa. Redio ishikwe kwa mabano yale yale ya chuma yaliyoshika ile ya kwanza, kwa parafujo zilizokuja nayo. Parafujo ndefu hupenya ubavu na kuchoma vitu vya ndani. Waya wa ardhi ufungwe kwenye chuma kilichokwaruzwa rangi. Ukifungwa kwenye rangi, utasikia mluzi unaopanda na kushuka pamoja na mwendo wa injini.

Tuna maneno ya pekee kwa wale walio karibu na magari ya kazi. Malori mengi, na magari mengi ya kijeshi, hutumia volti 24, kwa betri mbili zilizofuatana. Redio ya volti 12 ikifungwa humo itakufa kabla ya wimbo wa kwanza kwisha. Baadhi ya watu, wakijiona werevu, huchukua umeme kutoka betri moja kati ya zile mbili. Redio hufanya kazi, naam, lakini betri hiyo hunyonywa peke yake. Chaji hugawanywa sawa wakati njaa si sawa, moja hubaki dhaifu na nyingine huchemka kwa kushiba, na baada ya muda zote mbili huharibika. Dawa ni kifaa cha kushusha volti 24 kuwa 12, chenye uwezo unaolingana na fyuzi ya redio. Hata hivyo, gari la serikali si mali ya dereva. Asilifungulie dashibodi bila idhini ya karakana, hata akiwa na fedha zake mfukoni. Katika gari la doria kuna sababu nyingine: redio ya mawasiliano ina umeme wake na antena yake, na redio ya muziki au chaja ya bei ya chini iliyofungwa kwenye waya zile zile inaweza kuleta mkwaruzo unaofunika sauti ya kituo. Afande anayeomba msaada upande wa pili hatasikika.

Polisi wa usalama barabarani wanaifahamu vema habari ya picha. Redio zenye kioo zina waya mmoja wa ziada unaopaswa kufungwa kwenye swichi ya breki ya mkono, ili filamu ionekane gari likiwa limesimama tu. Mafundi wengi huufunga moja kwa moja kwenye bodi, kwa ombi la mwenye gari, na filamu ikachezwa katika mwendo wa kilomita 80 kwa saa mbele ya macho ya dereva. Sisi tunamwomba askari mwenye gari asiwe yeye anayetoa ombi hilo.

Yako pia magari mapya zaidi ambayo kioo cha redio ndicho kinachoongoza kiyoyozi na kuonyesha kamera ya nyuma. Hayo tunashauri yaachwe kama yalivyo, mpaka apatikane fundi anayejua kuyahamisha yote.

Jambo la mwisho ni risiti. Redio ya gari huchomolewa na mwizi kwa dakika chache, na huuzwa kabla mwenyewe hajaamka. Nayo redio inayouzwa kando ya njia ikiwa na waya zilizokatwa kwa kisu haihitaji upelelezi mrefu. Mnunuzi adai risiti yenye namba iliyochongwa juu ya redio, na namba hiyo aiandike katika daftari lake kabla redio haijaingia ndani ya dashibodi, kwa kuwa baadaye haionekani tena bila kuifungua. Yetu tumeiandika. Ile redio ya Kijapani tumeifunga katika gunia, pamoja na parafujo zake nane ndani ya kopo la maziwa, na waya za mpya, za njano na mwekundu, tulizifunga upya wenyewe Jumapili moja, jirani yetu akitushikia taa.